Hodi ndani ya mgodi mtupu

Leo nimepiga hodi kwenye mgodi uliofungwa miaka mingi, na nikajibiwa.

Ngoja niwaeleze.

Tulikuwa chini ya ardhi, kusini mwa Joburg, mimi na mwenzangu Thabo. Tunapima mahandaki ya zamani kabla hayajazibwa kwa zege. Tunachora ramani, tunathibitisha hamna mtu.

Tukafika kwenye upenyo wenye giza totoro. Mdomo ukanitangulia: "Hodi!"

Mnajua tulivyolelewa. Huingii kwa watu bila hodi, hata kama ni banda la kuku.

Thabo akacheka. "Eish, unamsalimia nani huku?"

Sauti ya mwanaume ikatoka gizani, taratibu kabisa: "Karibu."

Nadhani alijuta palepale. Mtu anawakwepa walinzi na polisi, anachimba dhahabu yake kimyakimya, halafu malezi ya kwao yanamponza!

Nikamwambia, "Ndugu yangu, toka. Wanaziba huku." Hakujibu tena.

Tulipopanda juu, lori la zege lilikuwa linanguruma getini. Bosi akauliza, "Patupu?"

Thabo akaniangalia.

Nikasema kuna mtu. Lori likazimwa. Simu ikapigwa polisi.

Sasa nimekaa kwenye gari, vumbi mwili mzima, nawasubiri wafike. Nisingesema, angezikwa mzima. Hilo nalijua.

Nyie mngefanyaje? Maana mtu amenikaribisha kwake, na mimi nimemletea polisi.