Mapera ya Haboba, Lemon Gaba

Nyinyi wa rika langu, mliorudi Juba juu ya malori baada ya mkataba wa amani, mmekalia magodoro na masufuria ya Kenya, mtanielewa nikisema mji huu ulitutisha kabla ya kutupenda. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua Kiswahili cha Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, na Kiingereza cha shule, lakini Kiarabu cha Juba sikukijua hata cha kuombea maji ya kunywa. Nyanya yangu, mama yake mama, ambaye sote tulimwita Haboba, hakujua Kiswahili hata kidogo. Siku ya kwanza tulitazamana tu. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mpera uliojaa, akaketi kunitazama nikila.

Shamba lile lilianzishwa na baba yake babu kwa malimau. Babu akaongeza mapera na matopetope, Haboba akaongeza mapapai. Siku hizo Lemon Gaba, mtaa wetu pembezoni mwa Juba, ilikuwa porini hasa. Boda boda wengi walikataa kufika. Lakini wateja walifika, kwa sababu Haboba hakupeleka matunda sokoni. Ulikuja na beseni lako, ukachuma mwenyewe. Ulichokula juu ya mti kilikuwa halali yako; ulilipia kile ulichotoka nacho tu. Alichokataza ni kuvunja tawi.

Jumapili, baada ya kanisa, walikuja Wakenya wa mabenki na mashirika, watu wazima wenye tai, wakavua viatu na kupanda miti huku wakicheka kama wanafunzi waliotoroka shule. Alikuja pia mama mmoja Mganda aliyeuza nyanya soko la Jebel. "Mimi iko naonja tu," alikuwa akisema, na kuonja kwake kulimaliza asubuhi. Wote hao walizungumza Kiswahili, basi kidogo kidogo mimi nikawa mkalimani wa Haboba. Kiarabu nilijifunzia hapo, chini ya mipera, mikono imechanika na maji ya limau yakichoma kila mkwaruzo. Vijana wa leo wakiumwa na sisimizi mmoja wanataka kupelekwa kliniki.

Siku moja Mjomba Wani, kaka yake mama, alikuja kutoka mtaa wa Hai Mauna na mfanyabiashara Mkenya. Wakati huo kila mwenye kiwanja kizuri alikuwa akikikodisha kwa watu wa hoteli za makontena yaliyogeuzwa vyumba. Mgeni alitaka shamba lote, na miti ingekatwa. Mjomba alianza kutafsiri, Haboba akamnyamazisha. Alisema Wani angeyapunguza maneno yake, akaniita mimi.

"Mwambie hivi," alisema. "Vita vilipokuja, watoto wangu walikimbia, kila mmoja na njia yake. Watu wakaniambia na mimi niondoke. Nilibaki namwagilia miti hii, kwa sababu wangerudi wangenitafuta wapi pengine?"

Nilimtafsiria mgeni polepole. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshika mwiko. Miaka yote kule kambini alikuwa akituambia kwamba alimsihi mama yake waondoke pamoja, akakataa. Kwamba mama yake alipenda miti kuliko watoto. Sasa mama akaweka mwiko chini, akaenda kukaa mchangani karibu na Haboba, akamlalia magotini.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia, usingeondoka," Haboba alimjibu. "Na ulikuwa na mtoto mgongoni."

Mtoto huyo alikuwa mimi.

Mgeni hakuendelea na maneno ya makontena. Aliomba beseni, akachuma mapera, akaaga. Mjomba aliondoka amenuna, akakaa muda mrefu bila kuja. Mwishowe Haboba mwenyewe alimwita, akampa ile sehemu ya barabarani yenye malimau yaliyozeeka, ajenge vyumba vya kupangisha. Alisema Wani naye ni mwanawe. Mjomba alijenga, na tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja.

Haboba amekwisha fariki. Lemon Gaba imejaa nyumba ukuta kwa ukuta, na mama ndiye anayekaa kule kuwapokea wateja, ingawa siku hizi ni wachache. Krismasi iliyopita niliwapeleka wanangu. Waliuliza kama matunda yameoshwa, wakapiga picha, wakapanda kidogo, wakashuka wakitafuta mtandao. Mdogo wao aliniuliza juisi iko wapi. Siwalaumu. Wana umeme, wana shule nzuri, wanaongea na bibi yao bila mkalimani, mambo ambayo mimi nililia nikiyatamani. Ila mjini tunakoishi kila wanachokula kinatoka kwenye pakiti, na kila pakiti ina mwisho. Sisi tulikuwa tukiachwa juu ya mti tangu asubuhi, tukala mpaka tukachoka wenyewe, na hakuna mtu mzima aliyetuambia inatosha.