Sauti ya Thankamani

Dada yangu Vilasini alicheza filamu za Kimalayalam, kwetu kusini mwa India, miaka na miaka, na hapakuwa na mtazamaji hata mmoja aliyeijua sauti yake. Uso alijaliwa. Machozi yalimlengalenga kabla mwongozaji hajamaliza kuagiza. Lakini koo! Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, na mwongozaji wa filamu yake ya kwanza alipomsikia alicheka hadi akashika kiti.

"Uso wa mungu wa kike Lakshmi, sauti ya chura wa mtaroni! Mtafutieni mtu wa kumsemea."

Akaletwa Thankamani, mjane wa mtaa wa Chalai, mnene, mcheshi, mwenye sauti laini kama samli. Tangu hapo dada alichezesha midomo mbele ya kamera, na Thankamani akaingia studio baadaye kuijaza maneno. Filamu zilipopungua wakahamia pamoja kwenye tamthilia za televisheni.

"Shoga," Thankamani alikuwa akimtania, "wewe lia kwa macho, mie nalia kwa koo. Siku tukigombana, watu watatazama bubu."

Moyo ukamuua Thankamani ghafla, masika yakiwa yamepamba moto na tamthilia ikiwa katikati. Tulipokwenda kuhani tulimkuta Bindu, bintiye wa pekee, amekaa barazani. Bibi yake alikuwa akimsogezea uji wa mchele, naye akiusukuma pembeni. Alikuwa hali, hasemi.

Studio walijaribu wasichana kadhaa, hakuna aliyefaa. Mwisho wakamwambia dada ajisemee mwenyewe, angalau sehemu moja. Nilimsindikiza. Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha, kuta zimefunikwa magodoro. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo na Chellappan, fundi wa sauti.

Picha ikaanza. Dada akafungua mdomo, na tukamsikia Thankamani.

Haikuwa kuiga, dada hakuweza kuiga hata paka. Hata kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho marehemu kabla ya maneno ya uchungu, kilikuwamo. Chellappan alivua vifaa vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena.

Picha ikaisha, midomo kwenye skrini ikafumba. Sauti ikaendelea: "Bindu, mwanangu, umekula?"

Dada akatoka amelowa jasho. "Vipi, nimeharibu?" aliuliza, kwa mikwaruzo yake ileile.

"Bindu ni nani?" Chellappan aliuliza.

"Binti wa marehemu. Kwani nani kamtaja?"

Tukamsikilizisha tulichorekodi. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Dada, twende nyumbani," nikamwambia. "Kazi hii iache. Mambo haya si ya kuchezea."

"Omana, anayeitwa si mimi," akajibu. "Nitaachaje, na mwenyewe hajaitika?"

Kesho yake tukamleta Bindu. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama tu nyuma ya kioo, shali imembana shingoni, huku dada akisema maneno yake ndani. Picha ilipoisha, swali likaja tena, polepole, kama mtu anayeuliza kutoka jikoni.

Bindu akaweka kiganja kwenye kioo. "Bado, Amma," akamwambia mama yake. Kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nitakula. Nenda tu, nitakula."

Taa za mitambo zilififia zikarudi. Dada akakohoa, akajaribu sentensi iliyofuata, na mle chumbani mkajaa sauti ya chura wa mtaroni. Chellappan alicheka na kulia kwa pamoja.

Tulipofika nyumbani Bindu alikula muhogo na mchuzi wa samaki, akaongeza.

Watazamaji walilalamika, kisha wakazoea. Baadaye ile mikwaruzo ikampa dada kazi ya kuigiza mama wakwe wakali, na barabarani watoto walimkimbia wakicheka. Lakini hakukubali tena kufungiwa mlango wa chumba cha kurekodia. Mlango ulikaa wazi, kelele za watu ziingie zisiingie.

Siku moja, tukimenya vitunguu, nilimuuliza yeye alikuwa wapi wakati Thankamani akisema kwa koo lake.

Aliweka kisu chini. "Nilikuwa nimesimama mahali penye mvua, Omana," akasema. "Mvua kubwa, na nyuma yangu watu wengi, wananisukuma wapate nao nafasi ya kusema."