Tulipoitegea Sikio Ardhi ya Tena

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa bado mgeni kazini, kampuni yetu ya kupima ardhi ilinituma mtaa wa Tena, huko Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, kwenye kiwanja cha kanisa lililosali katika banda la mabati na kuota jengo la ghorofa nne. Tulichimba shimo jembamba, refu, tukateremsha ndani yake chombo cha kunasa mtetemo. Kisha huku juu tukagonga kwa nyundo ubao uliokandamizwa na magurudumu ya pikapu. Mtetemo ukifika chini upesi, ardhi ni ngumu; ukichelewa, ni laini.

Shida ilikuwa kwaya. Walikuwa wakifanya mazoezi bandani, na chombo chetu kilinasa ngoma zao vizuri kuliko nyundo yetu. Nikaenda kumwomba kiongozi wao, mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mke wa mfanyakazi wa reli.

"Mama, naomba mnyamaze kidogo. Tunaisikiliza ardhi."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Binti yangu, sisi tunamwimbia Mungu. Hiyo ardhi yako imesema nini tangu asubuhi?"

"Haijapata nafasi, mama."

Akacheka, akawanyamazisha. Kwaya nzima ikatoka kututazama. Dereva wetu alikuwa amechoka kupiga, basi mwimbaji wa besi akavua koti na kuishika nyundo. Alipiga pigo la kwanza, safi kabisa, na wenzake wote wakaitikia, "Amina!" Ikabidi turudie.

Majibu hayakupendeza. Chini ya udongo mweusi kulikuwa na tabaka laini, na mwamba ulikuwa mbali sana. Nilipowaeleza wazee wa kanisa, mchungaji peke yake ndiye aliyefurahi.

"Si Neno lasema mwenye busara hujenga juu ya mwamba?"

"Halikusema uko chini kiasi gani," mweka hazina akanong'ona.

Mchungaji akashinda. Walichimba hadi mwambani, wakasimika nguzo nene za zege, na michango yote ikaishia huko huko ardhini.

Nilipita hapo miaka kadhaa baadaye, Jumapili ya mvua. Banda lilikuwa limebomolewa kupisha jengo ambalo halikuja. Waumini walisali chini ya turubai lililovuja, juu ya msingi ambao nadhani ulikuwa imara kuliko wote Eastlands. Yule mama wa kwaya alinitambua, akanivuta chini ya mwavuli wake.

"Karibu ghorofa ya kwanza," akasema, akaendelea kuimba.