Hapana, Kutoka Kwenye Machela

Jirani yangu muuza chakula cha mifugo, hapa kwetu Ohio, ana vidole vinene vinavyonukia pumba, na kila uchaguzi hujaza kiduara cha "Hapana" mpaka karatasi inakaribia kutoboka. Kodi ya barabara, hapana. Ya shule, hapana. Jumanne ile kifua kilimbana, nikamfuata na gari letu pekee la wagonjwa, ambalo kodi ya kulitengeneza ilikuwa ikipigiwa kura siku hiyohiyo.

"Mbona umechelewa, Darla?"

"Gari bovu, mzee wangu."

"Basi pitia kituo cha kura pale kanisani nikapige kura. La sivyo, silali kwenye machela yako."

Msimamizi akamletea karatasi mpaka mlangoni pa gari. Jirani akashusha barakoa ya oksijeni, akajaza polepole, kwa wino mzito. Hapana. Kisha akanigeukia.

"Sasa kanyaga mafuta, binti, nakufa!"