Santuri Iliyolinda Mahindi ya Bibi

Mwezi uliopita kijana wangu alirudi hapa Tunduma kutoka masomoni akiwa na mashine ya santuri na santuri moja tu, ameikumbatia utafikiri amebeba mayai. "Mama, hii ni roki ya majaribio, ni kelele tupu," akaniambia. "Ikikuchosha niambie nizime." Nikatazama jalada: picha ya kiti kilichovunjika mguu mmoja, basi. Nikamwambia aiweke, naijua. Alicheka. Watoto wa siku hizi wanadhani mama zao walizaliwa wakiwa na mafaili ya forodha kwapani.

Niliijua kwa bibi, kijijini Ruanda, Mbozi. Mjomba wangu alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na ndiye aliyeileta pamoja na mashine ya betri, akiamini amenunua rumba. Majirani walikuja wamejipaka mafuta, tayari kucheza. Kilichotoka ni magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, na mtu nyuma yao anagonga ngoma kwa hasira. Mjomba alibadilisha sindano. Akaiosha santuri kwa sabuni ya kufulia, akaikausha, ikatoa yaleyale. Majirani wakamaliza kande zao wakaenda makwao.

Bibi peke yake aliona jambo. Ngedere waliozoea kujipanga ukingoni mwa shamba, wakingoja tuingie ndani, walikuwa wametoweka.

Sasa nikwambie, ngedere ndio waliokuwa shida yangu. Nilikuwa darasa la saba, na mahindi yakianza kukomaa kazi ya kuyalinda ilikuwa yangu, tangu umande hadi jua kuzama. Shule niliisikia kengele tu. Mwalimu alifunga safari hadi nyumbani, akasema nikiendelea kukosa vipindi, mtihani nisahau.

"Mwalimu, mahindi yakiisha atasoma amekula nini?" bibi alimuuliza, bila ugomvi.

Mwalimu alimaliza chai yake ya maziwa, akaaga. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nalia. Niliipenda shule kuliko kitu chochote, na nilijua kichwa ninacho.

Jumatatu iliyofuata bibi alinikabidhi sare yangu, ameipiga pasi ya mkaa mwenyewe. "Nenda shule," alisema. "Hawa wapiga magitaa watalinda."

Aliweka mashine juu ya debe ukingoni mwa shamba, akaketi kando yake akipukuchua maharage. Kila upande wa santuri ulipoisha, kabla hajaigeuza, alisimama akawapigia ngedere ukelele kwa Kinyiha kwamba anawaona, wasije wakadhani tumelala. Kisha magitaa yakaendelea. Darasa letu lilikuwa ng'ambo ya kijito na madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo upepo ukivuma upande wetu nilisikia yote: kelele, kimya, bibi, kelele tena. Nilipiga hesabu zangu nimetulia. Betri zilipochoka alizianika juani, na santuri ikizunguka polepole ilitoa mngurumo mzito uliowatisha ngedere zaidi. Jioni nilimkuta na mahindi mawili yakichomwa, langu na lake, naye anapepeta maharage kwa kufuata ngoma ileile.

"Wanapiga vibaya," aliniambia, "ila hawachoki."

Nilifaulu. Sikuwa na wasiwasi na mtihani hata siku moja, wasiwasi wangu ulikuwa ngedere.

Bibi hayupo tena. Shamba lake limejaa nyumba za kupangisha, na mashine ya mjomba iliishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nilisikiliza upande wa kwanza na kijana wangu, nikafurahi kukuta nakumbuka kila mkwaruzo, hata nikamtangulia mpiga ngoma kwa kugonga meza. Kisha sindano ikafika mwisho, pakawa kimya. Nikangoja. Hapo ndipo ilipokuwa sauti ya bibi, na hakuna santuri iliyoinasa.

Kijana akanyoosha mkono ageuze.

"Subiri," nilimwambia.

Nikafungua dirisha. Nikapiga ukelele kwa Kinyiha, kwa pumzi yangu yote, kwamba nawaona. Madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpakani wakainua vichwa, mmoja akateremka kabisa kuangalia kuna nini.

"Haya," nikamwambia mwanangu. "Sasa geuza."