Kikao cha Kunong'ona

Saa saba mchana. Watoto thelathini na wanane wamelala kwenye mikeka, soksi zimechomoka nusu, pazia linapanda na kushuka taratibu. Katikati yao, kwenye viti vinavyoishia magotini, walimu watano wa chekechea wako kikaoni. Wananong'ona. Anayeamsha mtoto humbembeleza mwenyewe.

Mwalimu mkuu, ambaye watoto humwita Bibi Funguo, leo haongozi. Amekaa karibu na mlango kama mgeni. Shada la funguo zake amelivisha soksi ya mtoto lisije likalia.

"Desemba nastaafu," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Nataka nione shule ikienda bila mimi, nikiwa bado nina macho."

Anayeongoza ni mwalimu wa darasa la wadogo. Mara mbili ameombwa apokee funguo, yaani ukuu wa shule, mara mbili amekataa. Akikataa tena, mwenye shule ataleta meneja kutoka nje, na ameshasema saa hii ya usingizi itakuwa ya hesabu.

Bibi Funguo hakuanza hivi. Alikuwa moto wa kuotea mbali. Miaka sita iliyopita alimfokea mwalimu huyu huyu mbele ya watoto, kisa rangi iliyomwagika sakafuni. Kesho yake akamkuta mtoto wa miaka minne amepanga wanasesere ukutani, kajishika kiuno: "Hamna akili? Nimesema mara ngapi?"

"Ilikuwa sauti yangu. Hata kikohozi changu alikiweka," anasema, akicheka huku machozi yakimlenga. "Nikaona aibu, jamani. Kumbe mtoto anajifunza hata kwa tunavyosemeshana sisi wakubwa."

Mwalimu yule alikuwa ameshatundika aproni na kwenda zake. Bibi Funguo akamfuata hadi kwao, akamwomba radhi mbele ya mama yake.

"Mama akaniangalia weee," anakumbuka. "Kisha akamwambia bintiye, 'Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini rangi inafutika. Nenda kazini.'"

Tangu hapo vikao vilihamia saa ya usingizi, ambapo hakuna anayeweza kufoka, na hakuna mwalimu mwingine aliyeondoka.

Ajenda ya leo ni mtoto anayeng'ata wenzake. Mwalimu mmoja anataka wazazi waitwe, mwingine anataka mtoto atengwe. Minong'ono inakuwa mikali. Mtoto mmoja anageuka, wote wanazuia pumzi.

"Dada, kabla hajang'ata, ulimwona akifanya nini?" kiongozi wa leo anamuuliza huyo wa pili.

"Alikuwa mlangoni. Mama yake ndio kwanza ameondoka. Hung'ata asubuhi tu."

"Basi kesho nampokea mimi getini. Tutakaa wote mpaka atulie."

Bibi Funguo ana la kusema, tena limemfika kooni. Ananyoosha kidole juu kama wanafunzi wake.

"Mama, subiri zamu yako," kiongozi anamwambia.

Walimu wanajiziba midomo kwa vicheko. Bibi Funguo anashusha kidole. Zamu yake inapofika, anapita kati ya mikeka kwa kunyata na kumwekea mwalimu anayeongoza ile soksi yenye funguo mapajani.

Mwalimu anaipima uzito mkononi. "Nitazichukua," ananong'ona. "Lakini Desemba ikipita, uje kila Ijumaa utusomee hadithi."

"Nitakuja, mwanangu. Nani atanifungulia?"

"Utagonga. Polepole."