Popo wa Nyumba ya Bati

Enzi zetu pale Dongobesh, mwenye nyumba ya bati alikuwa mtu. Majirani wengi walikaa kwenye tembe za udongo, na mvua ilipoanza watoto wao walikuja kukaa kwetu wasikilize bati likilia. Baba alikuwa na duka. Chumba cha mbele kilinuka mafuta ya taa, sukari guru na khanga mpya, nami nilijiona mtoto wa sultani.

Kisha popo wakahamia darini.

Wakati ule kila mtu alikuwa mtaalamu wa popo. Ni kipofu. Akikamata nywele zako haachii mpaka unyolewe. Tena hana pa kutolea choo, hula na kunya kwa mdomo uleule. Shuleni waliniuliza, "Hiyo chumvi ya dukani kwenu popo ameshaitemea?" Nilicheka nao, maana kulia kungekuwa aibu ya pili.

Mambo yakawa mazito dada Zainabu alipochumbiwa. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kutoka Katesh kuleta posa. Baba alituambia, "Wakiona wale wadudu, watasema nyumba ina uchawi, na binti atabaki hapa." Asubuhi ya siku hiyo akapandisha darini chungu cha makaa na pilipili kavu. Popo walitoka mchana kweupe, sisi tukijifunika vichwa kwa khanga za mama. Baba akaziba kila tundu kwa matambara, akashuka akikohoa, ameridhika.

Mpango ulikuwa wageni wapewe chakula mapema, waondoke kabla jua halijazama. Pilau ikaiva mapema, lakini wazee wakasema wataswali magharibi na mwenyeji wao. Tulipomaliza kuswali barazani, popo walirudi. Walizunguka pembe ya nyumba, wakagonga bati, wakarudi tena. Baba akaanza kuuliza kwa sauti kubwa habari za mifugo ya Katesh. Alipovuta pumzi, tukasikia vilio vyembamba kutoka darini.

Mzee mkubwa wa wageni akasikiliza. "Bwana, umewafungia watoto wa popo ndani."

Baba akatazama viatu vyake.

"Kwangu wapo pia," mzee akasema taratibu. "Tangu nilipoezeka bati. Wageni huwaambia ni panya."

"Hata mimi nasema panya," akadakia mwenzake. Wakatazamana. Kumbe hata wao kwa wao walikuwa wanafichana.

Baba akapanda ngazi na kanzu yake, akang'oa matambara. Popo mmoja alitua ukutani karibu na taa, kitoto kimening'inia kifuani pake. Mama alikuwa mlangoni akimnyonyesha mdogo wangu. "Ananyonyesha," alisema, kisha akajifunika uso kwa khanga. Posa ilipokelewa. Alfajiri mama alifagia vitoto vilivyokufa kwa moshi kabla wateja hawajafika, na hakuna aliyevitaja.

Chuo kikuu walinifundisha kwa kirefu kile mama alichokiona kwa taa ya chemli: popo ni mnyama, si ndege. Anaona, na gizani hutoa sauti na kusikiliza inavyorudi, kwa hiyo hana haja na nywele za mtu. Choo anacho mahali pake kama sisi, na kile cha popo wetu kilimetameta kwa vipande vya mbawa za wadudu waliotula sisi na mahindi yetu. Vijana wa leo wanayajua haya yote, wanaandika "mamalia" kwa mwandiko mzuri, halafu popo akipita kwenye taa ya umeme wanaingia chini ya meza. Mimi mwenye shahada huwa nimeshawatangulia.

Siku hizi dari zinazibwa vizuri, jioni ni kimya, na mbu ni wengi. Juzi fundi aliniuliza kama azibe yale matundu chini ya bati langu. Nikamwambia ayaache. Mke wangu akauliza wageni tutawaambia nini.

"Panya," nikasema.